Nyumba ya Bibi Nyangi

Geti la wodi ya watoto lilikuwa na tundu dogo, la kutosha kidole kimoja. Ukiingiza kidole linakudunga, linaonja damu, kisha linakuambia wewe ni nani wa mgonjwa. Mama, pita. Shangazi, pita. Jirani uliyekuja na uji kwenye chupa ya chai, rudi nyumbani na uji wako. Ndiyo dunia tuliyojijengea, na siku ya kuizindua tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Bibi Nyangi aliingiza kidole bila kukunja uso. Geti likachelewa kujibu, maana damu ya kikongwe huyu haikuwamo kwenye Hazina ya Nasaba, daftari la damu za nchi nzima, na ya mtoto aliyekuja kumwona haikuwamo pia. Mashine ikikosa damu hurudi kwenye neno la mtendaji wa kijiji, naye mtendaji alikuwa ameandika kama anavyojua kila mtu kule milimani Tarime: bibi, mzaa baba. Taa ikawaka kijani.

"Limezeeka kama mimi," Bibi Nyangi akasema huku akifuta kidole kwenye khanga. "Pita, Daktari. Njoo umwone mume wangu. Amerudi duniani hana hata jino."

Matinde Muniko akacheka, akadungwa, akapita. Alikuwa ametoka Dodoma asubuhi ile. Udaktari wake haukuwa wa sindano bali wa hesabu: biolojia ya kompyuta, kazi ambayo kila akiieleza kijijini watu humsikiliza kwa heshima, kisha humwomba dawa ya mgongo. Mtoto aliyekuja kumwona alikuwa wa kaka yake Magige, kazaliwa kabla ya siku zake, kapewa jina la Muniko, marehemu mume wa Bibi Nyangi. Alikuwa mdogo kama kifaranga, lakini mwekundu na mwenye kelele. Angebaki wodini mpaka arobaini yake itimie, achomwe sindano ya Mkunga, ndipo aruhusiwe.

Mkunga hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kompyuta. Humsoma mtoto herufi kwa herufi, zile herufi za ndani kabisa ya chembe zinazompa mtu rangi yake, kimo chake na maradhi yake, halafu humlinganisha na maelfu ya familia za nchi nzima. Pale anapoona kosa huandika sindano ya kulisahihisha. Nusu ya nchi ilikuwa imeshasahau selimundu ni nini. Na mkuu wa kitengo kilichomfundisha Mkunga kusoma alikuwa huyuhuyu Matinde, aliyemshika sasa Muniko mdogo kwa woga wa mtu asiyezoea watoto.

"Mwangalie na wa jirani," Bibi Nyangi akamnong'oneza.

Kwenye kitanda cha pili mama mmoja kijana alikuwa amempakata mwanawe. Mtoto hakulia wala hakushika titi. Midomo yake ilikuwa myeupe kama ugali wa muhogo.

"Alikuwa mnene huyu, dada," yule mama akasema, kana kwamba kuna aliyembishia. "Muulize yeyote. Kachomwa ile ya arobaini, wiki haikupita akaanza kufifia. Wanamwongezea damu, inakwisha. Wanamwongezea, inakwisha."

"Na yule pale, na yule wa dirishani," Bibi Nyangi akasema. "Wote wa milimani kwetu. Wa mjini hawana neno. Nimekaa hapa nikihesabu, nikasema ngoja mtoto wangu aje, yeye ndiye anayejua mambo ya damu."

Matinde akamrudisha Muniko kwa mama yake, akatoa kishikwambi, akafungua mafaili ya wodi. Funguo alikuwa nazo, cheo chake kilimruhusu. Akamfungua mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kabla hajafika kwa wa nne alikuwa ameshaona. Wote walikuwa wamesahihishwa mahali pamoja, kwenye herufi inayoamrisha uboho kutengeneza damu. Herufi yao ilikuwa nzima kabisa, ila Mkunga hakuwahi kuiona kwa watu wa kutosha. Akaihesabu kuwa kosa, akaifuta.

Akatazama faili la Muniko. Herufi ile ile. Sindano ilikuwa imeshaandikwa na kupangiwa siku.

"Kuna nini?" Bibi Nyangi akauliza.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Ebo! Uso wako tangu lini ukajua kudanganya?"

*

Kwa nini Mkunga hakuijua herufi ya watu wa milimani? Matinde alikuwa na jibu kabla ndege haijatua Dodoma, na hakulipenda.

Kazi yake ya kwanza Taasisi ya Nasaba ilikuwa usafishaji. Kila msomi wa fani ile huanzia jikoni, na jiko lao ni data chafu. Zinaletwa damu za ukoo mzima pamoja na maelezo ya nani kazaa nani, na msafishaji huangalia kama vinapatana. Mtoto hana budi kuchukua nusu ya herufi zake kwa mama na nusu kwa baba. Zikikataa, ama chupa zimechanganywa, ama kuna mtu kasema uongo, na dawa yake ni moja: futa. Na ukoo ukiwa na fundo moja lisilopatana, Matinde alielekezwa afute ukoo wote, asipoteze muda kuchambua.

Basi zikaletwa koo za Tarime. Kila ukoo mkubwa, mahali fulani, ulikuwa na nyumba ntobhu. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenziwe, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ile, wa jina la mume wa yule aliyeoa, hata kama mume mwenyewe alizikwa zamani. Mwanamume aliyepita hatajwi. Kila mtu anamjua na hakuna anayeuliza, kwa sababu kitanda hakizai haramu. Walipoulizwa baba wa mtoto ni nani, wazee walijibu kweli tupu ya nyumba zao. Mashine ikasoma uongo.

Na aliyekaa kwenye kiti akibonyeza futa, futa, futa, alikuwa binti wa nyumba ya namna hiyohiyo. Bibi Nyangi alimwoa Weigesa, Weigesa akamzaa Matinde na Magige, wakaitwa wana wa Muniko ambaye hawakumwona hata kwa picha. Matinde alijua kwamba wale wazee hawakudanganya. Angeweza kunyoosha mkono kwenye kikao na kusema. Hakusema. Alikuwa mgeni kazini, mwanamke peke yake mezani, na alishasikia wenzake wakicheka, "Hawa watu wa Mara, baba zao ni mizimu?" Tena, tuseme ukweli, alipofuta alipumua. Damu isiyokuwa kwenye Hazina haina wa kuichungulia.

Usafi ule ulimpandisha. Data za kitengo chake zikasifiwa kuwa safi kuliko zote, ndizo zikampatia masomo ya juu, udaktari, kitengo, gari. Ngazi ni ngazi. Anayepanda hatazami aliyeishika chini.

"Simamisha sindano za Tarime, Profesa," alisema alipoingia ofisini kwa Profesa Lwitiko, Mtaalamu Mkuu wa Nasaba na mkurugenzi wa Taasisi, mzee mpole aliyemlea kikazi tangu siku zile za kufuta.

"Kwa ushahidi upi, mama?"

Akamwonyesha. Mzee akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Watoto wachanga huugua, Matinde. Nikisimamisha Tarime, kesho Tanga watataka, keshokutwa nchi nzima, na selimundu inarudi. Unataka tuzike watoto tena? Niletee koo. Koo nzima za milimani, baba kwa damu, mama kwa damu, Mkunga aone kwamba herufi ile ni ya watu wenye afya na wajukuu zao. Siku utakayoleta, siku hiyohiyo nasimamisha."

"Zikiingia Hazina hazitoki. Unaijua sheria ya mirathi. Watu wa kwetu wanaishi kwa neno la mtendaji kwa sababu tu sisi tuliwafuta. Nikiwarudisha, damu inakuwa ndiyo hati. Nyumba ntobhu zote zitakuwa hazina watoto. Mashamba yatachukuliwa."

"Sheria sikuitunga mimi."

"Tuliishangilia lakini."

Profesa Lwitiko akainuka, akafunga mlango, akarudi akakaa kando yake badala ya nyuma ya meza.

"Nisikilize kama baba yako. Huyo mtoto wa kaka yako, nipe jina lake. Namtoa kwenye orodha ya sindano kimyakimya, hakuna atakayejua. Kiti changu mwakani kiko wazi, na jina lililo kwenye bahasha ni lako. Ukiwa umekikalia, utarekebisha haya mambo taratibu, kwa utaratibu."

Tusimsingizie Matinde ushujaa. Alipiga hesabu. Muniko mdogo atapona, shamba la Bibi litabaki, Magige hatanyooshewa kidole, na yeye atapata kiti. Nani angeumia? Akakumbuka midomo ya mtoto wa kitanda cha pili.

"Na wa jirani je?" akauliza.

Profesa akatazama dirishani.

*

Magige alimsikiliza dada yake akiwa amesimama uani kwa Bibi Nyangi, panga la kupogolea kahawa bado mkononi. Alipomaliza, akalitupa panga chini.

"Kwa hiyo mimi nitaandikwa mtoto wa nani?"

Matinde hakuthubutu kutaja. Wote watatu, yeye, Magige na Bibi, walimjua. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mzee mmoja ambaye tangu utoto wao alipita kila mara "kusalimia majirani", akakaa mpaka chakula kiive. Hawakuwahi kumwita vingine ila jirani.

"Mimi ni mwana wa Muniko," Magige akasema. "Nimeoa kwa ng'ombe za Muniko. Wale wana wa Kisiri, mdogo wake Muniko, wanasubiri tu sababu. Ukiwapa hiyo karatasi yako ya damu, kesho wako hapa na kamba za kupimia. Mama yetu amelala pale chini ya migomba, Matinde! Watamlimia juu?"

"Najua, Magige."

"Hujui! Wewe una nyumba Dodoma. Profesa amekwambia anamtoa mtoto wangu. Mtoe basi! Kila mtu avute kwake. Ng'ombe akivunjika mguu malishoni, hujikokota zizini kusaidiwa. Wewe umesaidiwa na nyumba hii, leo unaibomoa?"

Bibi Nyangi alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua maharage, kana kwamba ugomvi ni wa watu wa redioni. Akaweka ungo pembeni.

"Magige, kaa chini."

Akakaa.

"Nilipotoa ng'ombe kumwoa mama yenu, watu walidhani nataka mrithi wa shamba. Waache wadhani. Mimi nilikuwa nimechoka na ukimya. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nasikia mchwa wanakula nguzo. Nilitaka watoto, wapige kelele, wavunje vyungu. Mkavivunja, sina la kulalamika hapo." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Sasa mnaniambia niwazike watoto wa watu ili mimi nibaki na shamba? Nibaki nalo na nani? Na mchwa?"

"Bibi, utapoteza kila kitu," Matinde akasema. "Elewa. Siyo shamba tu. Kwenye karatasi hutakuwa na mtoto wala mjukuu."

"Mimi nakula kwenye karatasi?"

"Sheria inakula huko."

"Na yule binti wa kitanda cha pili, mwanawe anakula wapi?" Sauti ya kikongwe ikapanda. "Wewe Daktari, umesoma miaka yote hiyo, nikauza mpaka ndama, ukasomea nini? Kuhesabu wa kwetu tu?"

Magige alifunika uso kwa viganja.

Siku zilizofuata Bibi Nyangi alitembea nyumba kwa nyumba akiegemea mkongojo, na Matinde nyuma yake na kisanduku cha sindano. Kuna waliokubali, wengi wao wenye vichanga. Kuna waliofunga mlango, na mwanamke mmoja aliwamwagia maji ya kuoshea vyombo. Mzee wa ng'ambo ya kijito alitoa kidole, na kwa mara ya kwanza hakungoja chakula.

Walipomaliza, Bibi Nyangi akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Na mimi."

"Wewe huhitajiki, Bibi," Matinde akasema, na neno likamwuma lilipotoka. "Kwenye mti wa damu huna tawi."

"Nichome hivyohivyo. Nisije nikaambiwa nilijificha."

Akamchoma.

*

Profesa Lwitiko alitimiza ahadi yake, hilo hatumnyimi. Mkunga alizisoma koo za milimani, akakubali kwamba herufi ile si kosa, sindano zikasimama, na ikaandikwa nyingine ya kuwarudishia watoto kile walichofutiwa. Midomo ikaanza kupata rangi. Wa kitanda cha pili hakusubiri. Mama yake alipewa barua ya pole yenye muhuri mzuri.

Wana wa Kisiri walikuja mchana kweupe, na adabu zao zote. Waliamkia, wakapokea maji ya kunywa, wakatoa hati ya damu. Nyumba ya Muniko, ilisema, haikuacha kizazi. Wakapima. Kaburi la Weigesa likabaki ndani ya ua wao mpya, na Magige akahamia mjini na mkewe, mwanawe na kikongwe, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga.

Dodoma walimfanyia Matinde sherehe. Mtaalamu Mkuu wa Nasaba, mwanamke wa kwanza. Msemaji alisifu "urejeshaji wa kihistoria wa data za Tarime", ukumbi ukasimama, na yeye alipewa ngao ya kioo yenye picha ya mti. Alipoomba kwenye kikao cha kwanza kwamba Hazina itambue nyumba pamoja na damu, kamati ilimpongeza kwa wazo na kusema italitazama. Likapelekwa kutazamwa.

Vumbi la mashine ya kusaga ndilo lililomwingia Bibi Nyangi kifuani, likamwangusha. Matinde alipopigiwa simu aliacha kikao katikati. Alimkuta Magige nje ya wodi ya wazee, Muniko begani, mnono, mashavu kama maandazi.

"Mbona uko nje?" akauliza.

Magige akamwonyesha kidole chake chenye alama ya kudungwa.

Matinde akaingiza cha kwake. Geti safari hii halikuchelewa hata kidogo, maana damu zote sasa lilikuwa nazo. Taa nyekundu. *Hakuna uhusiano.*

Mlinzi akaamka kitini, akavua kofia. "Shikamoo, Daktari. Samahani sana. Mashine ndivyo inavyosema."

"Marahaba. Mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Nasaba. Fungua."

"Ningekuwa na ufunguo, mama, ningefungua. Linafunguka kwa damu tu. Mwenye damu yake hakuna hata mmoja?"

Mwenye damu ya Bibi Nyangi hakuwapo, hakuwahi kuwapo. Ndiyo maana alioa.

Alipiga simu wizarani. Alipiga kwa Profesa Lwitiko, aliyestaafu, akasikitika sana. Alilipiga geti teke, mlinzi akageuka upande mwingine ili asione. Mwishoni muuguzi mmoja alitoka kwa mlango wa pembeni.

"Nyie ndio watu wa Bibi Nyangi? Anawauliza. Anauliza Muniko ameshakula?"

"Mwambie amekula," Magige akasema. "Mwambie tuko hapa. Tuko wote."

Muuguzi akarudi ndani. Walingoja. Alipotoka tena alikuwa akitembea polepole, na mkononi ana fomu, na hawakuhitaji kuisoma.

"Poleni," akasema. "Ila mwili... nao unahitaji ndugu wa damu kuuchukua. Mna ndugu yake yeyote?"

Magige akasogea getini. Akaushika mkono mdogo wa mwanawe, akakiweka kidole chake kwenye tundu, kama mtu anayejaribu ufunguo wa mwisho. Geti likadunga. Mtoto akapiga yowe, na tone la damu likachuruzika kidoleni, zito, jekundu, zuri, damu ambayo Bibi Nyangi aliinunua kwa kila alichokuwa nacho.

Taa ikawaka nyekundu.

Matinde akamchukua mtoto, akakiweka kile kidole mdomoni, akakinyonya kama Bibi Nyangi alivyokuwa akiwafanyia wao walipochomwa na miiba, mpaka Muniko akaacha kulia.